Fahamu: DNS ni nini, na kwa nini watu huibadili kwenye TV?

DNS ni huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Ikizorota, TV huonyesha Wi-Fi imejaa lakini video haifunguki.

Hutoka wapi?

Ruta yenyewe hukipa kifaa DNS, kwa utaratibu wa kugawa anwani uitwao DHCP. Kwa kawaida ni ya kampuni ya mtandao. Wengine huweka 8.8.8.8 ya Google, iliyoanza 2009, au 1.1.1.1 ya Cloudflare, ya 2018. Kumbuka, mwenye DNS huweza kuona majina ya tovuti unazofungua.

Kuibadili

Kwenye Android TV nyingi, fungua mipangilio ya Wi-Fi, chagua mtandao wako, kisha badili "DHCP" kuwa "Static". Hapa ndipo watu hukwama: TV hudai pia anwani yake na ya ruta. Ziandike kabla hujagusa chochote.

Kwa nyumba ya Izimbya, mkoani Kagera, inayotegemea hotspoti ya simu, nisingeshauri. Simu nyingi mpya za Android hubadili anwani hotspoti inapowashwa upya, na TV iliyofungwa kwenye anwani ya jana haitapata intaneti. Ukikwama, rudisha DHCP.

Isichoweza

DNS haiongezi kasi ya bando. Intaneti ilipozimwa nchini Tanzania 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, DNS nyingine isingesaidia, maana njia yenyewe ilikatwa. Pia si VPN, huduma inayopitisha mawasiliano yako kwa njia iliyofichwa, ambayo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilitaka watumiaji wake waisajili mwaka 2023.