Ghorofa zinapanda Kariakoo, bomba la chini je?

Ukipita Kariakoo asubuhi baada ya mvua ya usiku, utawaona wanafunzi wakiruka. Mmoja kashika viatu mkononi, mwingine kapandisha sketi, wote wanavuka dimbwi la maji meusi yanayotoka kwenye chemba iliyofurika. Hatua chache mbele, mama lishe anachoma chapati na wateja wanakula. Tumeshazoea.

Wengi wetu huilaumu mvua. Kweli, mvua inachangia. Lakini sehemu ya tatizo huanzia mezani, pale kibali cha ujenzi kinapopitishwa na ada zake kupangwa.

Hesabu ya kiwanja kimoja

Kiwanja cha zamani cha Kariakoo kilikuwa na nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati, choo na jiko uani. Tuseme kila chumba kina familia ya watu wanne. Hao ni watu 24.

Sasa nyumba hiyo inavunjwa. Panajengwa fremu za biashara chini na ghorofa saba za makazi juu yake, kila ghorofa na familia nne za watu watano. Hapo ni watu 140 kwenye ardhi ileile.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtu mmoja anahitaji lita 50 hadi 100 za maji kwa siku kwa mahitaji yake ya msingi. Ukichukua lita 50 tu, kiwanja kilichohitaji lita 1,200 kwa siku sasa kinahitaji lita 7,000, bila kuhesabu wenye fremu na wateja wao. Na maji yakiingia ndani, lazima yatoke.

Kariakoo ni miongoni mwa maeneo machache ya Dar es Salaam yenye mabomba ya majitaka, kwani sehemu kubwa ya jiji hutegemea mashimo. Lakini bomba lililolazwa kwa ajili ya nyumba za vyumba sita likibebeshwa mtaa mzima wa ghorofa, linazidiwa.

Yanavyomfikia mtoto

Majitaka hayabaki barabarani. Yanapanda na soli za viatu hadi sebuleni, mahali mdogo wake anapotambaa. Pia, presha ya maji safi ikishuka, bomba lenye ufa linaweza kuvuta uchafu ulio nje yake. Maji yakiwa ya mgawo, familia hubana matumizi, na kinachobanwa mapema ni kunawa mikono.

Matokeo yake tunayajua: kuhara, homa ya matumbo, minyoo na kipindupindu. Agosti 2015, kipindupindu kililipuka Dar es Salaam na kusambaa mikoa mingi ya nchi. Mtoto wa chini ya miaka mitano ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwa sababu mwili wake hupungukiwa maji haraka.

Nani anaamua?

Meza ziko zaidi ya moja. Kibali cha ujenzi kwa Kariakoo hutolewa na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi Februari 2021. Mabomba ya maji safi na majitaka ni ya DAWASA. Bei za maji huidhinishwa na EWURA.

Kodi ya majengo nayo ina njia yake. Tangu Agosti 2021 inakatwa kupitia LUKU. Ilianza kwa Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Sh5,000 kwa kila ghorofa kwa majengo ya ghorofa. Kwa hiyo kila ghorofa inalipa, ila hiyo ni kodi ya jumla. Haijafungwa kwenye bomba lililopita mbele ya mlango wako.

Wenzetu wa Uingereza walitafuta njia nyingine. Tangu 2010, sheria inaruhusu mamlaka za mitaa kumtoza anayejenga kwa kila mita ya mraba anayoongeza, na fedha hizo zitumike kwa miundombinu inayohitajika kutokana na ujenzi.

Hapa kwetu, jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 16, 2024 na kuua watu, mjadala mwingi ulihusu nguzo na zege. Ilistahili. Lakini jengo linaweza kusimama imara miaka 50 na bado likawa linaugua watoto wa mtaa kila masika.

Wenye majengo watasema ada ikipanda, kodi ya fremu na kilemba vitapanda, na mpangaji ndiye atakayelipa. Hoja hiyo ina ukweli. Ila mpangaji analipa hata sasa: dumu la maji, gari la kunyonya majitaka, nauli na dawa za mtoto. Tofauti ni kwamba malipo hayo hayajengi bomba. Na ada mpya ikiingia kwenye kapu la jumla, chemba itaendelea kufurika huku kodi ya nyumba ikiwa juu. Ndiyo maana wazazi wanapaswa kudai mambo mawili kwa pamoja: mjenzi achangie kupanua mabomba kulingana na watu anaowaongeza, na fedha hizo zitumike kwa mabomba tu.

Mzazi, anza hapa

Peleka suala hili kwenye mkutano wa mtaa, kisha kwa diwani wako. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, hivyo hoja ifike mapema, kabla bajeti haijapitishwa. EWURA nayo ikiita wananchi kutoa maoni kuhusu bei za maji, nenda.

Wakati huohuo, linda nyumba yako:

Chemsha maji ya kunywa au yatibu kwa dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha yahifadhi kwenye chombo chenye mfuniko.

Hakikisha mtoto amepata chanjo ya rotavirusi, inayotolewa akiwa na wiki 6 na wiki 10.

Akiharisha, mpe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi na salama, na zinki kwa siku 10 hadi 14 kama alivyoelekeza mhudumu wa afya. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Akilegea, macho yakididimia, akishindwa kunywa au ukiona damu kwenye choo, mwahishe kituo cha afya.

Na mwanao akirudi leo na viatu vilivyoloa, vivuliwe mlangoni na vioshwe kwa sabuni. Kisha mpigie diwani umuulize: jengo linalopanda pale kwenye kona, maji yake yatapita wapi?