Densi ya Kihindi ilivyonitoa jasho

MTU akikuambia kwamba densi za filamu za Kihindi ni mzaha wa kurukaruka bustanini, mwambie avue viatu, asimame katikati ya ukumbi, azungushe mkono wa kulia, atingishe bega la kushoto, apige mguu chini mara nne, na yote hayo ayafanye huku akitabasamu. Mimi nilijaribu. Siku ya kwanza nilimkanyaga mwenzangu mara tatu, nikajigonga kwenye kiti, kisha nikarudi bwenini nikichechemea kama mzee wa miaka themanini.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja jijini Nairobi. Nyumbani ni Changamwe, Mombasa, nilikozaliwa na kulelewa. Kama watoto wengi wa pwani, nilikua nikizitazama filamu za Kihindi katika sebule ya jirani, tumebanana mkekani kama dagaa. Kihindi hatukukielewa, lakini tulimjua aliye mwema na aliye jambazi, na tulijua ni wakati gani wimbo ungeanza.

Kwa hivyo lilipobandikwa tangazo kwamba wanatakiwa wachezaji wanane, wavulana wanne na wasichana wanne, wa kucheza densi ya Kihindi katika usiku wa utamaduni, mimi nilikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Nilijiambia kuwa mtu aliyekulia palipo na chakacha katika kila harusi hawezi kushindwa na jambo la kiuno. Kumbe nilikuwa nimejidanganya mchana kweupe!

HESABU YA NANE

Mwalimu wetu alikuwa mwanafunzi mwenzetu wa udaktari, binti mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Kisumu na aliyefunzwa kathak tangu akiwa na miaka sita. Alituomba tumwite Didi, yaani dada mkubwa, na kwa jinsi alivyokuwa mkali, jina hilo lilimfaa. Kabla ya kutufunza hatua yoyote alitufundisha kuiamkua sakafu. Unainama, unagusa chini kwa vidole, kisha unavipeleka vidole machoni, kuiomba ardhi radhi kwa sababu utaipiga kwa miguu.

Baada ya hapo tulianza kuhesabu. Moja hadi nane, kisha unarudi mwanzo. Juma zima hatukusikia muziki wowote. Tulipiga makofi, tukapiga miguu, tukahesabu. Mmoja wetu alinung'unika kwamba alikuja kucheza, si kusoma hesabu za darasa la kwanza. Didi alicheka, akatueleza juu ya wimbo wa filamu ya Tezaab ya mwaka wa 1988, uitwao "Ek Do Teen". Maana yake ni "Moja, Mbili, Tatu". Densi ya wimbo huo, iliyochezwa na Madhuri Dixit, ilipangwa na Saroj Khan, gwiji aliyefariki mwaka wa 2020 mjini Mumbai. Ilipendwa hivi kwamba tuzo za Filmfare zikaanza kuwatunza wapangaji wa densi, watu ambao hapo awali hawakuwa na tuzo yao. Tangu siku hiyo hakuna aliyelalamika tena juu ya kuhesabu.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba densi hii tunayoiita ya Bollywood si ngoma moja. Ni pilau yenye viungo vingi. Kuna kathak ya kaskazini mwa India, yenye kupiga miguu na kuzunguka kama pia. Kuna bharatanatyam ya Tamil Nadu huko kusini, ambayo mchezaji hukunja magoti nusu na kusema kwa vidole. Kuna bhangra ya wakulima wa Punjab, ambayo kazi yake kubwa iko mabegani. Kuna garba na dandiya za Gujarat, zinazochezwa kwa duara, dandiya ikiwa na vijiti vya kugonganishwa. Juu ya hayo ongeza disko na mitindo ya vijana wa Marekani. Wapangaji wa densi wamekuwa wakichanganya viungo hivyo kwa miaka mingi, kwani filamu ya kwanza ya India yenye sauti, Alam Ara ya mwaka wa 1931, ilikuwa na nyimbo, na tangu hapo filamu na wimbo havikuachana.

VIDOLE NA MACHO

Kiuno, kama nilivyotarajia, hakikunisumbua sana. Kilichonitesa ni vidole. Kuna mkao mmoja ambapo vidole vyote vitano hufunguliwa kimoja baada ya kingine, mfano wa yungiyungi linalochanua. Changu cha mwisho kilikataa kata kata. Nilikifanyisha mazoezi nikiwa kwenye foleni ya chakula, nikiwa msalani, nikiwa kituoni nikingoja matatu. Siku moja utingo alidhani ninamwita, akaja mbio, na nilipomwambia kuwa nafanya mazoezi aliniangalia kwa huruma.

Kisha kulikuwa na macho. Didi alisema kwamba mkono unakokwenda macho yaufuate, na macho yanakokwenda moyo uende pia. Mchezaji asiyetazama mkono wake, mtazamaji naye atautazamia nini? Katika kuzunguka, siri ni kuchagua kitu kimoja mbele yako, uking'ang'anie kwa macho hadi shingo isiweze tena, kisha ukigeuze kichwa upesi ukitafute kitu hicho hicho. Kabla sijaijua siri hiyo, mizunguko mitatu ilinitosha kuuona ukumbi ukipanda mlima.

Kioo hatukuwa nacho. Tulifanya mazoezi usiku mbele ya madirisha ya ukumbi wa maankuli, kwa kuwa giza la nje lilitufanya tujione ndani ya vioo. Sakafuni Didi alichora alama za chaki, kila mtu na yake, na ole wako ukutwe kwenye alama ya mwenzako.

BABA APATA HABARI

Mambo yalianza kuharibika mwezi wa pili. Tulifanya mtihani mdogo wa hesabu za uhandisi, nami nikapata alama tisa kati ya thelathini. Habari hazina mlango. Binamu yangu aliyekuwa akisoma Nairobi alizifikisha Changamwe kabla yangu, na akatia chumvi ya densi juu yake.

Baba ni mstaafu wa shirika la reli. Ni mtu wa maneno machache. Alinipigia simu usiku, akaniuliza, "Mwanangu, nilikupeleka ukasome uhandisi, wewe wanisomea viuno?" Sikuwa na jibu. Karo yangu ilitoka katika kiinua mgongo chake na katika mahamri ambayo mama huamka saa kumi za usiku kuyakaanga. Aliniwekea sharti moja. Nikianguka mtihani wa mwisho wa muhula, nirudi nyumbani nikatafute kazi.

Msomaji, usiku huo sikulala. Asubuhi nilimwendea Didi na kumwambia kuwa nimeacha. Sikutarajia alichofanya. Hakunibembeleza wala hakukasirika. Alitaka kuiona karatasi ya mtihani. Aliisoma, kisha akaniambia kwamba naye alipokuwa mwaka wa kwanza aliwahi kurudia mtihani kwa sababu ya onyesho la densi, na kwamba tangu siku hiyo alijiwekea kanuni. Kuanzia juma lile kanuni hiyo ikawa yetu sote. Kila mchezaji aje na vitabu. Saa nzima ya kwanza ni ya kusoma, pale pale ukumbini, na asiyesoma hachezi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nyuma, niliondolewa mstari wa mbele nikapelekwa wa nyuma, mahali pasipohitaji mazoezi ya ziada.

Iliniuma kuondolewa mbele, siwezi kuficha. Lakini katika saa zile za kusoma niligundua kosa langu. Nilikuwa nikijaribu kuimeza sura nzima ya kitabu kwa usiku mmoja, kama nilivyotaka kuucheza wimbo mzima siku ya kwanza. Didi alitufunza kuukata wimbo vipande vya hesabu nane, kukishika kipande kimoja hadi kisiponyoke, ndipo uunganishe na kinachofuata. Nilianza kuikata sura ya kitabu vivyo hivyo. Mtu anaweza kuona ni jambo dogo, lakini ndilo lililoniokoa.

"ZETU ZIMEKWISHA?"

Mwenzangu wa chumbani, kijana kutoka Kakamega, alikuwa akinikejeli kila jioni. Aliniuliza kama ngoma za Kenya zimekwisha hata twende kukopa za India. Kwao kuna isukuti, ngoma ambayo shirika la UNESCO mwaka wa 2014 liliiorodhesha miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa haraka. Kwa nini nisiilinde hiyo?

Swali lake lilikuwa na uzito, nami sikulipuuza. Lakini nilimkumbusha kuwa sisi na Wahindi hatukuonana jana. Mafundi na vibarua zaidi ya elfu thelathini waliletwa kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa kuanzia mwaka wa 1896 hadi ilipofika Kisumu mwaka wa 1901, na mnamo 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa jamii ya 44 ya nchi hii. Pesa, gari, laki, bima na chapati, yote ni maneno yenye asili ya huko. Na kwetu Mombasa, hayati Juma Bhalo, aliyefariki mwaka wa 2014, alizitia tuni za filamu za Kihindi maneno ya Kiswahili, watu wakalia katika harusi. Je, hizo si zetu pia?

Hakukubali. Lakini majuma matatu kabla ya onyesho, mchezaji mmoja aliteguka kifundo cha mguu, nasi tukabaki saba. Nilimsihi yule mkejeli aje walau ajaze nafasi. Alikuja akinuna. Tulipofika kipande cha bhangra, mabega yake yaliamka! Alikuwa amezoea kuyatingisha katika isukuti tangu utotoni, na kile kilichotuchukua juma zima yeye alikishika kwa jioni moja. Didi alimweka mstari wa mbele, pale nilipokuwa mimi.

USIKU WENYEWE

Tulivaa kurta za kuazima na mitandio tuliyoishona kwa vitambaa vya Biashara Street. Wasichana walifunga ghungroo, zile njuga za miguuni. Moja ya nyimbo zetu ilikuwa "Chaiyya Chaiyya" ya filamu ya Dil Se ya mwaka wa 1998, ambayo Farah Khan aliipangia densi juu ya garimoshi linalokwenda. Sisi garimoshi hatukuwa nalo, tukalifanya kwa mabenchi.

Katika kipande cha tatu niligeuka kushoto wakati wenzangu wote wamegeuka kulia. Moyo ulinipasuka. Lakini nilitabasamu, nikahesabu hadi nane, nikaingia tena. Baadaye rafiki zangu waliniambia walidhani ilipangwa iwe vile.

Mtihani wa mwisho nilipita. Si kwa alama za kutangazwa redioni, lakini nilipita.

Wazazi wanaosoma makala haya, sisemi mumwachie mtoto kila apendalo. Baba yangu alikuwa na haki ya kuuliza, na sharti lake lilinitia adabu. Ila kabla ya kumkataza mtoto, chunguza anajifunza nini huko, na chini ya nani. Nanyi vijana, mwalimu asiyekuuliza habari za vitabu vyako, jihadhari naye.

Desemba nilirudi Changamwe. Baada ya chakula, Baba aliniomba nimwonyeshe hicho kilichotaka kunifukuzisha chuo. Nilimwonyesha kwenye simu, kwanza sisi na mabenchi yetu, kisha ile ya filamu yenyewe. Alivaa miwani, akatazama hadi mwisho bila ya kusema neno. Miaka thelathini na mmoja aliitumikia reli.

"Nani aliwaruhusu hawa kupanda juu ya behewa?" aliuliza.

Nikamwambia ni filamu tu, Baba. Alitikisa kichwa, akanirudishia simu, kisha akaichukua tena.

"Hebu irudie," akasema. "Sikuiona injini vizuri."