Mia Moja Waliorudishiwa Majina

Mwaka 2004, msanii Lubaina Himid alisimamisha maumbo 100 ya watu weusi katika ukumbi wa Hatton Gallery mjini Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Kila umbo lilikuwa na kimo cha mtu mzima, limekatwa kwenye plaiwudi na kupakwa rangi za kuvutia. Kazi hiyo, iitwayo Naming the Money, ni sanaa ya usimikaji: hujaza chumba kizima, na mtazamaji huingia na kupita katikati yake.

Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Alikuwa na umri wa miezi michache tu baba yake alipofariki, na mama yake, mbunifu wa vitambaa, akaondoka naye kwenda Uingereza. Alipokua alisomea ubunifu wa jukwaa la maigizo. Jukwaani, mti au mlango huchorwa kwenye ubao, ukakatwa kufuata umbo lake, kisha ukawekewa tegemeo nyuma usianguke. Mbinu hiyo hiyo ndiyo inayowasimamisha watu wake.

Watu hao wametoka katika michoro ya Ulaya ya karne ya 17 na ya 18. Matajiri wa enzi hizo walipenda kuchorwa wakiwa na mtumishi mweusi, mara nyingi mtumwa, pembeni, pengine mtoto mdogo, ameshika sinia la matunda au kamba ya mbwa. Majina ya bwana na bibi yanajulikana hadi leo, jina la mtumishi halikuandikwa. Alitiwa katika picha kwa sababu ile ile iliyofanya lulu zitiwe: kuonyesha kwamba nyumba hiyo ina fedha.

Himid aliwatoa pembeni akawaweka katikati, kila mmoja na ujuzi wake. Wapo wafinyanzi, waganga wa mitishamba, watengeneza vitu vya kuchezea, wafunza mbwa, wapiga ngoma, wacheza ngoma, washona viatu, wachora ramani, wachoraji, na wapigaji wa viola da gamba, ala ya nyuzi ya zamani. Hakuna minyororo wala viboko. Wamevaa mavazi mazuri na wanasimama kwa heshima yao, na uamuzi huo ndio unaoipa kazi nguvu, maana mateso ya watumwa yameshachorwa mara nyingi, lakini ustadi wao ni nadra kuchorwa.

Kiini cha kazi kiko mgongoni. Mtazamaji akizunguka nyuma ya umbo hukuta karatasi ya hesabu yenye maelezo mafupi, kana kwamba mwenyewe anazungumza. Hutaja jina lake la asili, kisha jina alilopewa na bwana. Husema alikuwa akifanya kazi gani kwao na sasa anatumikishwa kazi gani, na humalizia kwa kitu ambacho bado ni chake, ambacho hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Katika daftari la mfanyabiashara, mtumwa aliandikwa kama shehena, kwa idadi na bei. Hapa karatasi ya namna ile ile inabeba jina lake. Maelezo hayo husikika pia ukumbini, yakisomwa kwa sauti na kuchanganywa na vipande vya muziki, kwa hiyo hata asiyesogea kusoma huyasikia majina.

Mwaka 2013 Himid aliikabidhi kazi hiyo kwa International Slavery Museum ya Liverpool, bandari iliyotajirika kwa meli za watumwa. Mwaka 2017 maumbo yote 100 yalisimama tena Spike Island, Bristol, mji mwingine wenye historia kama hiyo. Onyesho hilo ni miongoni mwa yale yaliyomfanya ateuliwe kuwania Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza. Hadi mwaka uliotangulia, waliofikisha miaka 50 hawakuruhusiwa kushindania tuzo hiyo. Sharti hilo lilipoondolewa, Himid alishinda akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.