Chachandu Haitaki Maji

Chachandu nyingi za nyumbani zinaharibikia palepale, kwenye maji. Nyanya, karoti, hoho na kitunguu vinakatwa vikiwa vibichi na kutiwa kwenye blenda. Blenda inagoma kuzunguka, basi inaongezwa nusu kikombe cha maji ili ikubali. Kinachotoka kinapendeza kwa dakika tano za mwanzo. Kikiachwa mezani mpaka chipsi ziive, makapi yanaelea juu, maji ya pinki yanatulia chini, na anayechovya anapata kimoja kati ya hivyo viwili.

Nyanya mbivu ni maji kwa karibu asilimia 95 ya uzito wake. Tango linaizidi kidogo. Bilinganya na boga yana kama asilimia 92, na hata karoti, pamoja na ugumu wake, ina karibu asilimia 88. Maji hayo yamefungiwa ndani ya seli za mmea. Kisu cha blenda kinazipasua seli na kuyaachia yatoke, lakini hakileti kitu cha kuyashika. Anayetaka chachandu inayong'ang'ania kipande cha muhogo badala ya kuchuruzika hadi kwenye kiwiko ana kazi mbili: apunguze maji kabla ya kusaga, kisha yale yatakayobaki ayatafutie mshikaji. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunasaga kwanza, halafu tunasimama na mwiko nusu saa kulikausha rojo linalorukia ukuta.

Kupunguza maji, moto ndio njia ya kwanza, na katika moto wote mkaa unashinda. Mboga iliyo ndani ya maji yanayochemka haipiti nyuzi 100 za Selisiasi, hata uichemshe mpaka magharibi. Ile ladha ya kuchomwa, yenye utamu na moshi, inatokana na sukari na chembe za protini zinapokutana kwenye joto la nyuzi 140 hivi na kuendelea, na joto hilo halifikiwi mpaka uso wa mboga ukauke kwanza. Ndiyo maana nyanya ya kwenye wavu ina ladha ambayo ya kuchemsha haiipati, hata ikimwagiwa viungo vya pakiti vya kila aina. Asiye na mkaa atumie kikaango kikavu bila mafuta: nyanya zikatwe nusu, zilazwe kifudifudi, ziachwe bila kuguswaguswa mpaka ziwe na madoa meusi. Kitunguu na hoho vifuate njia hiyohiyo. Karoti ichomwe nzima au iokwe, maana ikikatwa vidogo inaungua kabla haijaiva.

Njia ya pili ni chumvi, na hii ni ya mboga zisizotaka moto: tango, figili, kabichi. Zikwangue, nyunyizia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila nusu kilo, ziache dakika ishirini, kisha zikamue kwenye kitambaa safi. Utashangaa maji yatakayotoka. Tango lililokamuliwa hivyo likichanganywa na mtindi mzito, nao uliochujwa usiku kucha kwenye kitambaa, linafaa sana kwa mishikaki yenye pilipili kali. Na si kwa sababu ya ubaridi wake tu. Kiini kinachowasha kwenye pilipili hakiyeyuki kwenye maji. Kinayeyuka kwenye mafuta, na protini ya maziwa inakidaka na kukiondoa ulimini. Anayekimbilia glasi ya maji anakisambaza tu. Kiini hicho hukaa zaidi kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu kuliko kwenye mbegu zenyewe, kwa hiyo ukitaka harufu ya pilipili bila moto wake, utando huo ndio wa kukwangua.

Nikiulizwa ni mboga gani anayeanza aipige kwanza, ninasema bilinganya. Sokoni ni rahisi, nyumbani watoto hawalitaki kwenye mchuzi, na hakuna mboga inayobadilika kiasi kile. Chukua moja kubwa, usilimenye wala kulikata. Litoboe kwa uma mara mbili tatu, maana lisipotobolewa mvuke unaweza kulipasua, kisha liweke moja kwa moja juu ya makaa yaliyokwisha kufunikwa na majivu. Geuza kila upande ganda linapokuwa jeusi na kuanza kukunjana. Usiliondoe kwa kuona weusi peke yake. Libonye kwa koleo karibu na kikonyo, ndipo panapochelewa kuiva. Pakibonyea bila ubishi, limeiva. Lipasue kwa urefu, liweke kwenye chujio, na katika muda wa robo saa utaona maji ya kahawia yakidondoka chini. Yana uchungu, yamwage. Kisha kwangua nyama kwa kijiko na kuacha ganda. Wapo wanaolisafisha bombani ili vipande vyeusi vitoke vyote. Wanachokiosha hapo ni moshi wenyewe, na vipande viwili vitatu vyeusi havijamdhuru mtu.

Watu wa Shamu, yaani Lebanon, Syria, Palestina na Jordan, huichanganya nyama hii na ufuta uliosagwa, ndimu na kitunguu saumu, wakaila kwa mkate. Ufuta hatuna haja ya kuuagiza kwao, Lindi na Mtwara wanaulima kwa wingi na kuuza nje. Kaanga kikombe kimoja bila mafuta kwa moto mdogo mpaka uanze kurukaruka na kunukia. Ukiwa kahawia, umeshaingia uchungu. Usage ungali vuguvugu, ukiongeza mafuta kijiko kimoja kimoja mpaka umiminike. Ufuta wetu mwingi unauzwa na ganda lake, kwa hiyo rojo litakuwa la kijivu na kali kidogo kuliko lile la chupa za dukani. Mimi ninalipenda zaidi hivyo.

Hapa mpangilio una maana. Ponda punje mbili za kitunguu saumu kwa chumvi, kamulia ndimu moja juu yake papo hapo, uache dakika kumi. Punje nzima haina ukali. Ukali unazaliwa inapopondwa, pale kimeng'enya kilichokuwa upande mmoja wa seli kinapokutana na kiini kilichokuwa upande mwingine. Uchachu wa ndimu unakipunguza nguvu kimeng'enya hicho, hivyo unabaki na harufu ya kitunguu saumu bila ile ladha inayokufuata mpaka kesho yake ofisini. Sasa tia vijiko vitatu vya chakula vya rojo la ufuta. Litaganda ghafla na kuwa zito kama udongo wa mfinyanzi, na hapo ndipo wengi wanakata tamaa na kumwaga. Usimwage. Ongeza maji baridi kijiko kwa kijiko huku ukikoroga, nalo litalegea na kugeuka jeupe. Naam, maji yaleyale niliyoyasema vibaya, ila haya yamepata mshikaji: mafuta ya ufuta yamegawanyika kuwa matone madogo mno na kusambaa ndani yake. Changanya na bilinganya kwa uma, si kwa blenda, maana blenda inalifanya kuwa uji.

Ufuta si mshikaji pekee. Karanga zilizosagwa zinafanya kazi hiyo, na korosho zilizolowekwa saa chache ni bora kuliko zote, ila mfuko ndio unaoamua. Tui zito la nazi linafaa, na parachichi lenyewe lina mafuta ya kutosha, kiasi cha asilimia 15. Asiyetaka mafuta mengi atumie wanga: boga lililookwa, kiazi kitamu, maharage au dengu zilizochemshwa. Lakini mafuta kidogo yasikosekane kabisa kwenye chachandu ya karoti au boga. Ile rangi ya chungwa ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, na bila mafuta sehemu kubwa yake inapita tumboni bila kufyonzwa.

Nije kwenye viporo, maana hapo ndipo chachandu inapookoa pesa. Karoti zilizobaki kwenye pilau, boga la futari, maharage ya jana kabla hayajaungwa, kipande cha kiazi kitamu: vyote hivi vimeshapoteza sehemu ya maji yao na vimeshalainika, havidai zaidi ya uchachu, chumvi, mafuta na kiungo kimoja kinachojulikana kwa jina. Kimoja. Boga na binzari nyembamba vinaelewana. Maharage yanataka kitunguu cha kuchoma. Karoti inapenda tangawizi mbichi. Ukitia kila kilichopo kabatini, chachandu zote za mwaka mzima zitakuwa na ladha moja.

Mashina ya kotmiri usiyatupe, yana harufu kushinda majani. Machicha ya nazi nayo, baada ya kukamuliwa tui, yanaweza kuwa chatini: yakaange makavu mpaka yawe na rangi ya dhahabu, kisha twanga na pilipili, ndimu na kotmiri. Yameshatolewa mafuta yake, kwa hiyo yarudishie vijiko viwili vya tui, la sivyo utatafuna machujo ya mbao. Mboga za majani zilizoungwa jana usizilazimishe, hazina umbo la kushika chochote. Parachichi lililobaki litageuka kahawia kwa sababu ya hewa. Ndimu inachelewesha, na plastiki iliyolazwa juu kabisa ya rojo inachelewesha zaidi. Kuacha kokwa katikati kunaokoa pale tu kokwa lilipofunika.

Kwenye nyanya masalo nina msimamo mkali. Nyanya iliyolegea, iliyobonyea kwenye tenga au iliyopasuka leo asubuhi ni nyanya nzuri ya kuchoma. Iliyoota ukungu si nyanya tena, na kukata pale palipooza hakusaidii, kwa kuwa nyuzi za ukungu zinaingia ndani ya nyama laini mbali zaidi ya jicho linapoona. Pia kuna jambo wengi hawalijui: ukungu unaimaliza asidi ya nyanya. Asidi hiyo ndiyo ulinzi tunaoutegemea, tena hata kwenye nyanya nzima haina ziada kubwa.

Wataalamu wa usalama wa chakula wanaangalia kipimo kimoja, pH 4.6. Chini ya hapo, bakteria anayeleta botulizimu hawezi kukua wala kutengeneza sumu. Nyanya zinacheza palepale mpakani, nyingine chini kidogo, nyingine juu. Karoti ni kama 6, na bilinganya, boga, maharage na viazi viko mbali juu ya mpaka. Mbegu za bakteria huyu hukaa udongoni, zinaingia jikoni na mboga, na kuchemsha kwa kawaida hakuziui. Zikipata unyevu, uvuguvugu, uhaba wa asidi na mahali pasipo hewa, zinaamka.

Ndivyo ilivyotokea El Paso, Texas, mwezi Aprili 1994. Watu 30 waliugua botulizimu baada ya kula kwenye mgahawa wa Kigiriki, na 4 kati yao walihitaji mashine ya kupumulia. Chanzo kilikuwa rojo za kuchovya, moja ya viazi na nyingine ya bilinganya. Viazi vilikuwa vimeokwa ndani ya karatasi ya aluminiamu, vikaachwa humohumo nje ya friji, inavyoelekea kwa siku kadhaa, kabla ya kupondwa. Karatasi ile ilivifungia hewa na kuvihifadhi unyevu. Kiporo cha mboga kilichogeuzwa rojo, basi.

Miaka tisa kabla yake, mwaka 1985, zaidi ya watu 30 waliugua Vancouver, Canada, kwa kitunguu saumu kilichosagwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta bila friji. Hili la pili linatuhusu moja kwa moja. Ile chupa ya kitunguu saumu na tangawizi iliyosagwa na kumwagiwa mafuta juu "isiharibike", ikakaa kando ya jiko wiki nzima, ni desturi ya nyumba nyingi. Mafuta hayahifadhi, yanazuia hewa, na bakteria huyu ndicho anachokitaka. Gandisha mchanganyiko huo kwenye trei ya barafu, utoe kipande kimoja kimoja.

Mboga ya kiporo iingie friji ndani ya saa mbili tangu itoke motoni, na kama imefungwa kwenye karatasi ya aluminiamu, ifunguliwe kwanza. Friji iwe nyuzi 4 au chini. Ndimu na siki zinaongeza ladha na kusaidia kidogo, lakini zisikupe ujasiri wa kuweka chachandu ya boga kabatini. Viwanda vinavyofanya hivyo vina vipimo ambavyo jikoni kwako havipo. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwafunguliwa inashika ubaridi kwa saa nne hivi. Chachandu ya bilinganya na ya maharage zinagandishwa vizuri. Ya tango na mtindi haigandishwi, itarudi ikiwa maji matupu.

Bandika tarehe kwenye chupa. Ikifika siku ya nne na bado ipo, usiionje kuangalia kama imeharibika, kwa sababu sumu ya botulizimu haina harufu wala ladha. Imwage, utwange nyingine.