Mwanga, Damu na Kipimo cha Kidoleni

Askari wa jeshi na wa polisi, wengi wenu mnakijua kibanio kidogo ambacho mganga humbana nacho mgonjwa kidoleni apate kujua kiasi cha oksijeni iliyomo damuni mwake. Chombo hicho ndicho ambacho wanafunzi wa vyuo vikuu wanaosomea matumizi ya mwanga katika tiba hutakiwa mara nyingi kukiunda wenyewe maabarani. Kukiunda si kazi kubwa. Kukiamini ndilo jambo lenye mashaka.

Asili yake imo katika vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili marubani walikabiliwa na hatari ya kuzimia angani kwa upungufu wa oksijeni, na Mmarekani Glenn Millikan akatengeneza kipimo cha kuvaliwa sikioni, akakiita oksimita. Tatizo lilikuwa kwamba ngozi na nyama nazo huzuia mwanga. Mwaka 1974 mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, alitangaza ufumbuzi wake: yahesabiwe yale tu yanayobadilika kila moyo unapopiga, kwa kuwa kinachodunda ni damu ya ateri.

Maabarani, basi, mwanafunzi hupitisha kidoleni mwanga mwekundu wa nanomita 660, kisha miale isiyoonekana, yaani ya infraredi, ya nanomita 940. Damu iliyopungukiwa na oksijeni hufyonza zaidi ule mwekundu. Iliyojaa oksijeni hufyonza zaidi ile ya infraredi. Mwanafunzi hukokotoa uwiano wa hiyo miwili, naye hugundua kwamba uwiano huo bado si asilimia ya oksijeni. Ili uwe asilimia lazima pawepo jedwali, na jedwali hupatikana kwa kuwavutisha watu wenye afya waliojitolea hewa yenye oksijeni kidogo, huku damu ya ateri zao ikipimwa. Ni watu wa rangi gani hao?

Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 ulitaka watu wasiopungua 10, na miongoni mwao wenye ngozi nyeusi sana wawe 2 tu, au asilimia 15 ikiwa hiyo ni zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa matokeo yao. Pale oksimita ilipoonyesha asilimia 92 hadi 96, vipimo 11.7 katika kila 100 vya wagonjwa weusi vilificha damu ambayo kwa kweli ilikuwa chini ya 88. Kwa weupe vilikuwa 3.6.

Tena rangi ya ngozi si kizuizi pekee. Himoglobini iliyobeba sumu ya moshi, kaboni monoksidi, hupitisha mwanga mwekundu karibu sawa na ile yenye oksijeni. Askari aliyeopolewa katika nyumba iliyoungua, au aliyelala chumbani penye jiko la mkaa, aweza kusomeka asilimia 98 naye yu taabani. Majeruhi wa namna hiyo hupewa oksijeni mara moja, na damu yake hupelekwa maabara ipimwe kwa chombo chenye mianga ya aina nyingi zaidi.