Mnazi katika baridi ya Dowa: utaishi, lakini utazaa?

Mwezi huu tumeamua kuzungumza juu ya mnazi. Tangu miche ya minazi ianze kuuzwa sokoni kwetu, watu wanatusimamisha njiani na kuuliza: mwalimu, huu mti utakubali hapa Dzaleka? Wengine wameshanunua, wengine bado wanapiga hesabu ya pesa ya mgao. Kuna mama mmoja jirani yetu alinunua miche miwili kwa pesa ambayo ingemletea unga wa wiki nzima, kwa kuwa muuzaji alimwambia baada ya miaka mitatu ataanza kuangua nazi. Mama huyo ana watoto watano. Kwa hiyo jambo lenyewe si la kupamba nyumba tu.

Na tunaelewa kwa nini watu wanautaka. Wengi wetu tulipita Tanzania kabla ya kuvuka mpaka kuingia Malawi, wengine tulikaa huko miaka. Huko tulijifunza wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharage yaliyotiwa tui hadi mchuzi unakuwa mzito. Mtu akishazoea hivyo, nazi moja ya dukani inayoletwa kutoka ziwani anaiona ghali kila mara. Basi anajiambia, si nipande wangu?

Jibu letu tunalitoa mapema ili asiyependa kusoma mpaka mwisho naye apate faida. Mnazi hapa unaweza kuishi ukitunzwa vizuri, hasa miaka ya mwanzo. Kuzaa ni bahati, tena bahati ya baada ya miaka mingi. Pesa ya chakula usiitie humo.

Sasa tueleze sababu. Hebu tukumbuke kwetu. Mtu wa Rumonge anajua michikichi ilivyojaa kando ya Ziwa Tanganyika, lakini akipanda mlima kwenda Bururi haioni tena. Mtu wa Fizi au Uvira ni vilevile: chini ziwani kuna mawese, ila ndugu zetu wa Minembwe wana ng'ombe na mashamba ya mlimani, na mawese wanayanunua kutoka chini. Hakuna aliyekataza michikichi kupanda mlima. Ni baridi. Kila ukipanda mita 1,000 kwenda juu, joto linapungua kama digrii 6. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na Minembwe imepita mita 2,000, basi piga hesabu mwenyewe.

Mnazi unaogopa baridi hata zaidi ya mchikichi. Ni mti wa pwani, unapenda joto la digrii 27 au 28, mchana na usiku visiachane sana. Vitabu vya kilimo vinasema kwamba hata karibu na ikweta mnazi wa biashara haupandwi juu ya mita 600. Ukipita hapo unaota, lakini mavuno yanapungua, na ukifika kwenye mita 1,000 nazi ni za kubahatisha. Sisi hapa hatuko kwenye ikweta, tuko digrii 13 na zaidi kusini, na tumepita mita 1,000. Ziwa Malawi liko chini kwenye mita 475 hivi, na maji mengi ya ziwa yanatunza joto la usiku. Ndiyo maana upande wa Salima na Nkhotakota utaikuta minazi, na ukipanda gari kurudi huku juu inakwisha njiani. Mwezi wa saba usiku wa nyanda hizi za Lilongwe na Dowa unashuka mara nyingi chini ya digrii 10. Mwenye blanketi moja nyumbani haitaji kipimo kuambiwa hivyo.

Muuzaji basi ni mwongo? Hapana, si mwongo kabisa. Kuna minazi mifupi ambayo pwani kwenye joto inaweza kutoa maua baada ya miaka mitatu au minne. Mnazi mrefu wa kawaida unangoja miaka sita hadi kumi, hapo ni pwani, na kutoka ua mpaka nazi kukomaa kabisa ni kama mwaka mzima tena. Alichosema ni kweli ya mahali pengine. Tena ile mifupi ndiyo yenye afya dhaifu zaidi, ikikutana na baridi au ukame inaumia kabla ya ile mirefu.

Kuna jambo lingine ambalo linadanganya macho. Mche wa mnazi mwaka wake wa kwanza unapendeza sana, majani ya kijani, umesimama wima, utadhani umekubali nchi. Kumbe unakula chakula kilichomo ndani ya nazi yenyewe, kama mtoto anayenyonya. Nazi moja inaulisha mche hata zaidi ya mwaka. Chakula kile kikiisha, mizizi ndiyo itafute, na mizizi kwenye udongo wa baridi inafanya kazi polepole sana. Kwa hiyo baridi ya kwanza si mtihani. Mtihani ni baridi ya pili, mche ukiwa umeachishwa ziwa. Wengi waliotuambia "wangu ulikubali, halafu ukafa bila sababu" ulikufa wakati huo.

Mnazi hauna matawi pia. Mwembe ukikatwa au ukiungua unachipua pembeni. Mnazi una moyo mmoja tu, uko juu katikati ya majani, na kila jani linatoka hapo likiwa limefumba kama mkuki. Moyo ukioza, mti umekwisha, hata kama majani ya nje bado ni ya kijani miezi kadhaa. Baridi peke yake mara nyingi haiui moyo mara moja. Kinachoua ni baridi pamoja na maji yaliyotuama mle katikati, kuvu wanaingia, kunaanza kunuka. Shika jani la mkuki taratibu ulivute kidogo. Likitoka mkononi, chini limeshaoza. Hapo toa uchafu uliooza, usitie maji tena katikati, ungoje joto la mwezi wa kumi. Mara mojamoja mkuki mpya unatoka. Mara nyingi hautoki.

Darasani kwetu tuna mche mmoja ambao tunaufundishia hesabu. Kila jani jipya likifunguka, watoto wanafunga uzi mwekundu kwenye shina la jani na kuandika tarehe. Pwani mnazi mkubwa mzima unatoa jani jipya karibu kila mwezi. Huu wetu mdogo, kuanzia Novemba hadi Aprili, ulitoa majani manne. Kuanzia Mei hadi Septemba ulitoa moja, nalo lilifunguka na madoa ya njano. Hapo watoto walielewa baridi ni nini kwa mti kuliko maelezo yetu yote ya ubaoni. Tunawashauri na nyinyi mfunge uzi. Mti unaotoa jani moja kwa miezi mitano usiupangie biashara.

Wenye ndugu waliohamishiwa Marekani wanatuuliza tena: mbona kule kuna baridi na picha wanazotuma zina minazi? Ile mingi si minazi, ni miti mingine ya jamii hiyohiyo inayovumilia baridi. Mnazi wa kweli unastawi kusini mwa Florida, upande wa Miami, na ukienda kaskazini zaidi barafu ya usiku inauua. Februari 2021 baridi kali iliingia Texas ikaua miti mingi ya aina ile, hata iliyozoea huko.

Haya, aliyeshanunua afanyeje? Tuko mwezi wa nne, chiperoni iko mlangoni, ile manyunyu ya baridi inayokuja na upepo wa kusini mashariki. Kama mche bado uko kwenye mfuko au ndoo, usiupande sasa. Uache humohumo, mchana ukae juani, usiku uingize ndani karibu na ukuta wa jikoni. Utaupanda mvua zikianza, mwishoni mwa Novemba au Desemba, upate miezi mitano ya joto kabla ya baridi nyingine.

Mahali pa kupanda ni muhimu kuliko mbolea. Mwezi wa sita na wa saba hapa jua linapita upande wa kaskazini. Basi panda upande wa kaskazini wa nyumba: ukuta unapokea jua mchana kutwa na kurudisha joto usiku, tena nyumba inakinga ule upepo wa kusini mashariki. Usipande bondeni, hewa ya baridi inateremka kama maji na kukaa huko chini. Lakini angalieni, nyumba zetu nyingi ni za matofali mabichi. Ukimwagilia mti ulioshikana na ukuta, utaokoa mnazi na kuangusha nyumba. Acha mita mbili, na uchimbe mfereji mdogo maji yasirudi ukutani. Mizizi ya mnazi ni mingi na myembamba, haipasui msingi, tatizo ni maji tu.

Miezi ya baridi ndiyo pia miezi ya kiangazi, mvua hakuna, kwa hiyo mche unahitaji maji wakati huohuo usiotaka maji mengi. Mwagilia asubuhi jua likishatoka, chini kwenye udongo, kamwe si katikati ya majani, wala si jioni. Tunajua foleni ya pampu ilivyo, kidumu cha lita 20 hakipatikani kwa mchezo. Maji ya kuoshea mboga au kusuuza vyombo yanatosha.

Usiku funika kwa gunia kuukuu la mahindi, ulisimike juu ya vijiti vitatu lisiguse majani, na asubuhi ulitoe. Karatasi ya plastiki ikigusa majani inayaunguza kwa baridi, tena jua likitoka inayachemsha. Wengine wanawasha moto pembeni ya mti usiku. Tunawaomba waache. Paa la nyasi likishika moto hapa kwetu haliungui peke yake.

Majivu ya jikoni ni dawa ya bure. Mnazi unapenda sana potasiamu, madini ambayo yamo kwenye majivu, na mti ulioshiba potasiamu unavumilia zaidi. Bakuli moja dogo kuzunguka mche wakati wa mvua linatosha. Wengi watashangaa hili la pili: chumvi. Mnazi ni mti wa bahari, na Ufilipino wakulima wa mbali na bahari wanaipa minazi yao chumvi kama mbolea. Vijiko viwili kuzunguka mche, mara moja mvua zikianza, na iwe mbali na mboga zako, zenyewe zitakufa.

Anayetaka kuotesha mwenyewe achague nazi iliyokomaa yenye makumbi yake, ukiitikisa unasikia maji. Ile iliyofuliwa ya dukani ni ya kula. Ilaze ubavu, uifukie nusu, iwe na unyevu kila siku. Inaweza kuchukua miezi mitatu hadi sita kabla ya kuchipua, msikate tamaa wala msiifukue kila wiki kuangalia.

Kabla hujapanda, zungumza na jirani. Makuti ya mnazi mkubwa yanafika mita nne, tano, na pwani wanaacha mita nane au tisa kati ya mti na mti. Viwanja vyetu mnavijua. Kesi ya kuti lililoanguka juu ya paa la mwenzako ni afadhali imalizwe leo kwa maneno.

Kwa mwenye shida ya tui jikoni, sisi tunasema karanga. Nchi hii ni ya karanga, na wenyeji wetu wanapika mboga kwa unga wake, nsinjiro, na zinapatikana ndani ya miezi minne au mitano, si miaka kumi. Kwa mwenye hamu ya mti wa matunda, mwembe na mparachichi vinapenda hali ya hapa bila gunia wala vijiti. Yule mama wa miche miwili alikubali kumuuzia mmoja mzee wa upande wa pili, na kwa pesa hiyo amenunua mbegu za karanga. Mmoja ameubakiza. Amesema watoto wameshaupa jina.

Yule mzee naye tulimweleza yote haya, miaka, baridi, kwamba huenda asione nazi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza kaskazini ni upande gani wa nyumba yake.

Darasa letu linakusanya magunia makuukuu kwa ajili ya miche ya wazee wanaoishi peke yao. Mwenye nalo amkabidhi mtoto wake alilete shuleni kabla ya mwezi wa tano kuanza. Lililotoboka pia tunalipokea.