Unapaka rangi sanamu za mchezo? Linda mapafu, ngozi na watoto

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji wetu, mama Mtanzania anayeishi Nottingham, Uingereza. Mumewe amenunua boksi la askari wadogo wa chuma, wa zamani, waliokwishatumika. Kila jioni yeye na kijana wao wa miaka 14 hukaa kwenye meza ya jikoni wakiwakwangua rangi ya zamani, wakiwapiga msasa, wakiwabandika upya kwenye vitako na kuwapulizia vanishi. Nyumbani humo yupo pia mtoto wa mwaka mmoja na nusu, ambaye kutwa yuko chini ya meza hiyo hiyo. Mama anauliza kama harufu na vumbi lile vina madhara, kwa sababu mume anasema ni mchezo tu.

Kabla sijamjibu, niwaeleze wale ambao hawajawahi kuuona mchezo wenyewe. Wachezaji hupanga majeshi ya sanamu juu ya meza, hurusha dadu na kupima kwa tepu kila hatua ya askari wao. Sanamu nyingi zina urefu wa takriban milimita 28, kama kipande cha juu cha kidole gumba. Nottingham ndiko yaliko makao makuu ya kampuni ya Games Workshop, yenye mchezo wa Warhammer uliotoka mwaka 1983, na watengenezaji wa sanamu wamejaa eneo hilo kiasi kwamba wapenzi wa mchezo hulitania kwa kuliita Ukanda wa Risasi. Hapo risasi ni madini, si ya bunduki. Wala msidhani ni mambo ya watoto. Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alichapisha kitabu cha kanuni za mchezo wa aina hii mwaka 1913, akiwa na miaka 46. Kwa hiyo kinamama mnaowashangaa waume zenu, mjue jambo hili lina siku nyingi.

Kucheza kwenyewe huchukua muda mfupi kuliko kuandaa. Sanamu husafishwa kwa kisu na msasa, hubandikwa kwenye kitako cha mviringo cha milimita 25 au 32, kisha kitako hupakwa gundi nyeupe ya mbao na kuchovywa kwenye mchanga. Vipande vya koki huwekwa vionekane kama miamba, na nyasi za bandia hupandikizwa juu yake. Rangi ikikauka, hupulizwa vanishi isiyong'aa ili vidole visiifute wakati wa mchezo. Kazi ikimalizika inapendeza kweli. Na mimi kama daktari siwezi kuuchukia mchezo unaomkalisha kijana wa miaka 14 na baba yake saa mbili bila simu. Simwambii mama huyu alitupe boksi.

Hatari haimo kwenye sanamu iliyosimama kabatini. Imo kwenye kinachotoka wakati wa kuitengeneza: vumbi, mvuke na matone.

Nianze na boksi lenyewe, maana ndilo lililonitia wasiwasi. Sanamu za chuma za zamani zilimiminwa kwa mchanganyiko wa bati na risasi, risasi ile ile ya chubwi ya mvuvi. Miaka ya 1990 watengenezaji wakubwa walianza kuiacha, na siku hizi nyingi ni za plastiki, za resini, au za mchanganyiko wa bati usio na risasi. Sanamu ya chuma iliyotengenezwa kabla ya hapo ichukuliwe kuwa ina risasi mpaka ithibitike vinginevyo.

Kuishika tu hakumpi mtu sumu, kwani risasi ya chuma haipenyi kirahisi kwenye ngozi nzima. Shida ni tupa na msasa. Vikipita juu ya sanamu hutoa vumbi laini linalotua mezani, kwenye mikono ya shati, kwenye kikombe cha chai na sakafuni. Mtoto wa miezi 18 anaishi sakafuni na kila kitu anakipeleka mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwamba watoto wadogo hunyonya mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kile kile walichomeza. Risasi huharibu ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza, utulivu, tabia. Huleta pia upungufu wa damu. Mtu mzima hupata shinikizo la damu na matatizo ya figo. Kwa mjamzito, risasi iliyojificha miaka mingi kwenye mifupa yake hurudi kwenye damu na kuvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mtoto mwenye risasi mwilini anaweza kuonekana mzima kabisa. Anakula, anacheza, anacheka. Huwezi kumpima kwa macho. Kwa hiyo mama, mpeleke mtoto kwa daktari wenu wa familia, mweleze waziwazi kwamba nyumbani wamepiga msasa sanamu za chuma za zamani, na uulize kuhusu kipimo cha damu cha risasi. Huko Uingereza, mtoto akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa desilita moja ya damu, wataalamu wa afya ya jamii huingia kutafuta chanzo. Mara nyingi tiba ya kwanza ni hiyo hiyo: kuondoa chanzo. Dawa za kuvuta risasi mwilini ni za viwango vya juu na hutolewa hospitali.

Meza ya jikoni iachwe iwe ya chakula. Sanamu za risasi zisipigwe msasa mkavu. Zikilazimika kusuguliwa, zisuguliwe zikiwa na maji, juu ya trei inayofutwa kwa kitambaa kibichi. Ufagio haufai, na mashine ya kawaida ya kunyonya vumbi nayo inaweza kulirudisha vumbi laini hewani. Nguo za kazi hiyo zivuliwe pale pale na zifuliwe peke yake. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kugusa chakula au mtoto. Vitakasa mikono tulivyovizoea tangu Uviko vinaua vijidudu, lakini risasi si kijidudu.

Jambo moja zaidi kuhusu maboksi ya zamani. Ukiona sanamu imeota unga mweupe au wa kijivu, hiyo ni risasi iliyoliwa na mvuke wa asidi, kwa kawaida kutokana na kuhifadhiwa kwenye kabati au sanduku la mbao kama ya mwaloni. Wahifadhi wa majumba ya makumbusho wanalijua tatizo hili vizuri. Unga huo usipulizwe kwa mdomo wala kupigwa brashi. Itie sanamu kwenye mfuko wa plastiki, uufunge, uuweke mbali na watoto.

Nikija kwenye rangi, kuna tabia moja nataka kijana wa miaka 14 aiache leo: kunyoosha ncha ya brashi kwa midomo. Wapaka rangi wengi hufanya hivyo bila kujua. Marekani, miaka ya 1910 na 1920, wasichana waliopaka namba za saa kwa rangi yenye radiamu walifundishwa kuchongoa brashi kwa midomo yao. Taya zilioza, wengine walikufa kwa upungufu wa damu na saratani, na kesi ya watano kati yao huko New Jersey, iliyomalizwa mwaka 1928, ikawa maarufu katika historia ya afya kazini. Rangi za sanamu za leo hazina radiamu na nyingi ni za maji. Hata hivyo baadhi ya rangi za wasanii zina kadmiamu, na neno "haina sumu" kwenye kopo halimaanishi inyonywe. Kitambaa kibichi kinachongoa brashi vizuri tu.

Sasa resini. Kuna sanamu za resini zilizokwishagandishwa kiwandani. Hizi si za kuogopa mpaka zipigwe msasa, kwani vumbi lake ni laini sana na huwasumbua hasa wenye pumu. Msasa wa maji hupunguza tatizo kwa kiasi kikubwa, na barakoa ya FFP2 au N95 humalizia. Kumbuka lakini kwamba barakoa hizo huzuia vumbi, hazizuii mvuke wa vanishi wala wa gundi.

Aina ya pili ndiyo inayonifanya niandike kwa kirefu, kwa sababu inawahusu hata wasomaji ambao hawatagusa sanamu maishani mwao. Vijana wengi sasa huchapisha sanamu na vitako nyumbani kwa printa inayotumia resini ya maji maji, inayogandishwa kwa mwanga wa urujuanimno. Resini hiyo, kabla haijaganda, ina kemikali za jamii ya akrileti. Zikigusa ngozi mara kwa mara zinaweza kuufundisha mwili kuzichukia. Mwanzoni ni wekundu na muwasho kwenye ncha za vidole, halafu ngozi inapasuka, wakati mwingine hata kope zinavimba kwa sababu mtu alijigusa usoni. Huo ni mzio, na ukishaingia kwa kawaida hautoki tena.

Kemikali za jamii hiyo hiyo ndizo zinazotengeneza kucha za bandia na jeli ya kucha inayokaushwa kwa taa. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa ngozi wa Uingereza kilitoa tahadhari kuhusu mzio huu kwa wateja na mafundi wa kucha. Ndugu zangu wa saluni za Kariakoo na Mwenge, mnaokaa siku nzima mkikwangua kucha bila glavu wala barakoa, hili ni lenu pia. Uzito wake hauishii kwenye vidole. Akrileti zimo kwenye baadhi ya vifaa vya kuziba meno, kwenye saruji ya kushikilia nyonga ya bandia, na kwenye gundi ya baadhi ya vifaa vya kupima sukari vinavyobandikwa mwilini. Kijana anayepata mzio huu akiwa na miaka 14 anaubeba mpaka siku atakapohitaji daktari wa meno au wa mifupa, na itabidi amweleze kabla ya kuguswa.

Kwa resini mbichi, basi, zivaliwe glavu za naitrili. Za latex hazitoshi. Glavu ikichafuka itupwe, isioshwe na kurudiwa. Dirisha liwe wazi, printa isiwekwe chumba cha kulala, na resini ikidondokea ngozi ioshwe mara moja kwa sabuni na maji, si kwa spiriti ya kusafishia sanamu, ambayo huisambaza tu.

Vanishi na rangi za kupuliza nitazipitia haraka. Zipulizwe nje, upepo ukiwa mgongoni, mbali na jiko na sigara, kwa sababu gesi inayosukuma rangi kwenye makopo hayo huwaka moto. Wapenzi wa mchezo wanajua kwamba siku yenye unyevunyevu mwingi vanishi huganda ikiwa na ukungu mweupe na kuharibu kazi ya wiki nzima, hivyo wakati wa baridi wanashawishika kupulizia ndani. Vanishi ya maji inayopakwa kwa brashi ipo, inatoa kazi nzuri na haina shida hiyo. Koki, mchanga na gundi nyeupe ya kitako havinipi wasiwasi. Majani ya chai na makapi ya kahawa yanayotumika kama udongo au majani makavu yakaushwe kabisa kabla ya kubandikwa, la sivyo yataota ukungu.

Imebaki gundi ya kukauka haraka, ile ya kichupa kidogo inayouzwa hata kwenye maduka yetu ya mtaani. Usiifute kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Ikikutana na pamba hupata joto ghafla, joto la kuunguza ngozi na hata kutoa moshi. Vidole vikigandana, viloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kuviachanisha taratibu kwa kuviviringisha, bila kuvuta.

Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi ya uvuguvugu kwa dakika kadhaa, funika kwa shashi yenye unyevu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usilazimishe kope kufunguka. Usitie asetoni, petroli wala maziwa. Kope zilizogandana huachana zenyewe ndani ya siku chache, lakini daktari anatakiwa aangalie kama kioo cha jicho kimekwaruzwa. Na kwa kuwa kichupa cha gundi hiyo kinafanana sana na cha dawa ya macho, kisikae kamwe kabati moja na dawa, hasa katika nyumba yenye bibi au babu anayetumia matone ya presha ya macho usiku bila kuwasha taa.